Nani Kala Mchanga wa Pwani? Maneno Niliyosema Jambiani

Haya niliyasema Jambiani, uwanjani kwa skuli, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai. Kosa lilikuwa langu: nilipanga saa nne za asubuhi bila ya kutazama mwezi. Kumbe ni bamvua, maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba, kina mama wa mwani wote wako mashambani kwao, wachokoaji pweza wako mwambani, na mimi nahutubia viti. Basi nayaandika hapa kama nilivyoyasema, kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo. Picha nilizoonesha ukutani nimeziacha. Jua lilikuwa kali, hata waliokuwepo hawakuziona.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, mashekhe wetu, wazee wangu, walimu wenzangu, mama zangu wachache mliokuja, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma kwenye kivuli cha mkungu mkidhani sikuoneni: ahsanteni kwa kunialika.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sasa mstaafu. Kwetu ni Konde, Pemba. Nimekuja na neno moja tu, na neno lenyewe ni swali. Nani kala mchanga wa pwani?

Kila ninapokwenda nauliza, na kila ninapokwenda napewa jawabu lile lile. "Bahari imekasirika." Nimelisikia Nungwi, nimelisikia Micheweni, na leo asubuhi nimelisikia hapa hapa, nikinywa chai. Waliosoma wana jawabu jengine: "Ni tabianchi, mwalimu." Siku hizi tunalitaja neno tabianchi kama zamani tulivyomtaja shetani. Ukishamtaja, huulizwi tena. Tabianchi ipo, wallahi ipo, na nitaifikia. Lakini mtu akifika kwa daktari tumbo linamuuma, daktari akamwambia "ni maradhi", je, ametibiwa?

Nakuambieni, bahari haikukasirika. Haina moyo wa kukasirikia. Ina upepo wake, ina mwezi wake, ina mawe yake, na ina wafanyakazi wake wadogo ambao sisi tunawapita bila ya kuwasalimia. Asiyevijua vitu hivyo hawezi kujua lini bahari inafanya kazi yake ya kila mwaka, na lini pana jambo limeharibika.

Hili nalijua kwa sababu mimi mwenyewe liliniumbua.

Nilikuwa nasomesha skuli moja ya kaskazini ya Unguja, kijana bado, nina kamba mpya na wanafunzi wenye bidii. Tukapiga vigingi pwani mwezi wa Mei, kuanzia shina la mkungu mkubwa mpaka ukingo wa maji ya kujaa. Kila wiki tunapima. Juni mchanga umepungua. Julai umepungua. Kufika Agosti tumepoteza hatua kumi na nne, mizizi ya minazi iko nje kama vidole. Nikaingia darasani, nikapiga hesabu ubaoni: kwa mwendo huu, baada ya miaka saba bahari iko ndani ya msikiti. Na sikunyamaza nayo! Nikaitisha mkutano, nikawatangazia wazee, na karatasi mkononi.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi pembeni anatia viraka jarife lake. Hakuinua hata kichwa. Akaniuliza, "Mwalimu, umepima kusi. Kaskazi umepima?"

Nikamwambia sijapima.

"Basi rudi kaskazi."

Nilirudi Februari. Vigingi sikuviona. Nikadhani bahari imevichukua, nikaanza kusikitika mbele ya wanafunzi, mpaka mtoto mmoja akaanza kuchimba kwa mikono. Vilikuwa chini, vimefukiwa. Mchanga umerudi wote, na pengine na ziada. Pale kijijini mpaka leo baadhi ya watu wananiita Mwalimu Miaka Saba.

Sasa yule mzee alijua nini nisichokijua mimi na kamba yangu?

Alijua kwamba mchanga unasafiri. Hebu leo jioni maji yakijaa, chukueni kifuu, kiwekeni pale wimbi linapofika, kisha kaeni mtazame. Huu ni msimu wa kusi, upepo unatoka kusini-mashariki, na mawimbi yanaipiga pwani kwa mshazari. Wimbi litakipandisha kifuu juu na kukisogeza kidogo upande wa kaskazini. Maji yakirudi hayarudi kwa njia yaliyojia. Yanafuata mteremko, yanashuka moja kwa moja. Wimbi jengine: juu kwa mshazari, chini moja kwa moja. Juu kwa mshazari, chini moja kwa moja. Kama ule mshono wa zigizaga wa fundi cherehani. Kifuu kinakwenda kaskazini mbele ya macho yenu na hakuna aliyekibeba.

Na chembe ya mchanga ndivyo inavyosafiri. Kila wimbi, kila sekunde chache, usiku na mchana, tangu Aprili kusi linapoanza mpaka Oktoba linapochoka. Kisha upepo unageuka, kaskazi linaingia kuanzia Disemba mpaka Machi, mawimbi yanakuja kwa upande wa pili, na msafara unarudi. Bahari zetu zina misimu miwili, na mchanga wetu una nyumba mbili. Ukimkosa mtu nyumba ya kwanza, usitangaze msiba kabla ya kugonga ya pili.

Nilitie na hili hapa, ingawa si mada yangu ya leo: ukijenga ukuta wa mawe kukata njia hiyo ili mchanga ubakie mbele ya nyumba yako, wewe utaneemeka na jirani yako wa upande wa pili atalala njaa. Nimemaliza. Anayehusika amesikia.

Sasa nakuulizeni jengine. Mmekaa juu ya nini?

("Juu ya viti," kijana mmoja wa kule mkunguni akajibu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.)

Na viti viko juu ya nini? Juu ya mawe. Na mawe haya ni nini? Ni matumbawe. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ya dunia ilikuwa juu kuliko leo, mita sita mpaka tisa hivi. Hapa tulipokaa palikuwa na mwamba hai, na samaki wakipita pale alipokaa Sheha. Kisha dunia ikaingia baridi, maji mengi yakaganda barafu kule kwenye ncha za dunia, bahari ikashuka. Miaka 20,000 hivi nyuma ilikuwa chini kwa mita 120. Mita 120! Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi, kwa hivyo mtu angeweza kutoka hapa akaenda kwa miguu mpaka Bagamoyo asilowe hata magoti. Mkondo wa Pemba ni mambo mengine, kina chake kinafika kama mita 800. Nyinyi mlikuwa sehemu ya bara, sisi tulikuwa kisiwa. Msicheke, hiyo ni sayansi.

Barafu ikayeyuka, maji yakapanda, yakaingia kwenye mabonde. Mtu akitaka kuona kazi ile, apande mashua aizunguke Pemba upande wa magharibi: hori baada ya hori, maji yamejipenyeza ndani kama vidole ndani ya nywele. Yale yalikuwa mabonde ya mito. Kwa hivyo ukimsikia mtu anasema pwani yetu tangu azali ilikuwa pale pale, mwambie haijawahi.

Lakini nimelileta jiwe kwa sababu nyengine. Pwani inalika kwa kadiri ya kilichoiumba. Wanaopita Michamvi wanaujua ule mwamba wa Pingwe, wenye mkahawa juu yake, wageni wanaupiga picha kutwa. Wageni wanapiga juu. Mimi nakuombeni mtazame chini. Nendeni maji yakikupwa, msimame chini ya ukingo wake. Utaona jiwe limeliwa kwa ndani, duara, kichwa kimetokeza na shingo imekonda, kama uyoga. Weka kiganja: jiwe linakata kama kijembe. Nyamaza kidogo, utasikia linadondosha maji. Nani kalila jiwe gumu namna ile? Wimbi? Wimbi lina sehemu yake, linarusha mchanga kama msasa. Lakini wapo na wengine. Wapo konokono wadogo wa mwambani ambao ulimi wao ni kama tupa, wanakwangua jiwe kula ukoga wa kijani. Wapo wale wenye miiba, ambao ukiwakanyaga hulali, wanachimba vishimo vyao humo. Wapo chaza wadogo wanaotoboa kama keekee. Na ipo mvua. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo yanachukua hewa ya ukaa, yanakuwa makali kidogo, na chokaa haiwezi ukali. Pango la Kuza hapa kwenu na pango la Mangapwani hayakuchimbwa kwa sururu.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa mwaka mmoja huoni kitu. Shingo ikikonda sana, siku moja kichwa kinaanguka, na watu wanasema, "Jana lilikuwepo!"

Hilo ni jabali. Kwetu Pemba sehemu nyingi si jabali, ni tabaka za mchanga na udongo wa mfinyanzi, ardhi laini yenye vilima. Ami yangu alikuwa na mikarafuu mitatu kwenye ukingo wa kilima kinachotazama bahari. Mvua za masika zilinyesha siku nyingi mfululizo. Kisha kukawa na siku moja shwari, bahari imetulia kama maji ya mtungini, na asubuhi ile ile ukingo ukashuka na mkarafuu mmoja, majani yake bado mabichi. Ami akailaani bahari. Bahari gani? Bahari kwa miaka ilikuwa ikila miguu ya kilima kidogo kidogo, hilo ni kweli, lakini aliyemalizia ni mvua. Udongo ulishiba maji, ukawa mzito, na chini yake mfinyanzi ukawa utelezi. Pwani ya udongo inauawa na wawili, mmoja kutoka chini na mmoja kutoka juu.

Twende kwenye upepo na maji yenyewe, na hapa sitakaa sana kwa sababu nyinyi mnajua kuliko mimi.

Wimbi linapata nguvu kwa mambo matatu: upepo unavuma kwa kasi gani, kwa muda gani, na una uwanja gani wa kukimbilia. Mtu wa Mjini akisimama Forodhani akatazama magharibi, mbele yake iko Bagamoyo, haifiki kilomita hamsini. Upepo hauna pa kukimbilia. Wewe wa Jambiani ukitazama mashariki, mbele yako kuna nini? Visiwa vidogo vidogo vya mbali, kisha maji, kisha maji, mpaka Java kule Indonesia, zaidi ya kilomita 7,000. Wimbi linaweza kuzaliwa kwenye upepo usioujua na likaja kufia mlangoni kwako. Na kumbukeni hesabu hii: wimbi likiongezeka kimo mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne.

Babu yangu hakuijua hesabu hiyo lakini alilijua jambo lenyewe. Kule kaskazini ya Pemba, ukivuka msitu wa Ngezi, kuna pwani inaitwa Vumawimbi. Jina limekwisha sema. Usiku babu akitoka nje, anasikiliza, anasema, "Sauti imehama." Hakusema imepanda wala imeshuka. Imehama. Siku mbili tatu baadaye tunaona kweli upepo umegeuka.

Na juu ya upepo kuna mwezi. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, tunapata bamvua. Siku za katikati tunapata maji mafu. Kalenda yetu ya Kiislamu ndiyo kalenda ya maji, na mimi leo nimeisahau, mnaona viti. Bandarini Unguja, tofauti ya kujaa na kupwa kwa bamvua inafika kama mita nne. Maji mafu ni kama mita moja tu. Kwa nini nalisema? Kwa sababu wimbi ni kama mkono, na kujaa kwa maji ni kama ngazi. Wimbi kubwa siku ya maji mafu linapiga chini, halifiki popote. Wimbi la kawaida siku ya bamvua linapandishwa ngazi, linafika kwenye mizizi ya mnazi. Bamvua kubwa za mwaka zinakuja karibu na Machi na Septemba. Septemba bado kuna kusi. Mkono na ngazi vikikutana, hapo ndipo unapoamka ukakuta ngalawa yako iko barabarani.

Dhoruba? Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, na vimbunga haviji mara kwa mara huku. Haviji mara kwa mara, sikusema haviji. Tarehe 15 Aprili 1872 kilikuja kimoja, wakati wa Sayyid Barghash. Kilivunja meli na majahazi bandarini, kikang'oa minazi na mikarafuu ya Unguja kwa wingi wa kutisha. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu moja ya karafuu kuhamia kwetu. (Hapa Wapemba wawili waliokuwepo wakapiga makofi. Wawili tu.) Na Mei 2024 mnakumbuka Hidaya, kilivyopiga upande wa Mafia, na boti za Unguja zikazuiliwa kwenda. Usiku mmoja wa namna ile unaweza kuhamisha mchanga ambao misimu mingi ya kusi haijauhamisha.

Basi nimetaja jiwe, nimetaja upepo, nimetaja mwezi. Kama ni hivyo tu, kwa nini Jambiani ipo? Kilomita 7,000 za maji zinakutazama usoni, na wewe umejenga nyumba ya makuti hatua chache kutoka majini. Nani anakulinda?

Tazameni kule. Mnauona ule mstari mweupe? Mnauona kila siku mpaka hamuuoni tena. Ule ni mwamba, na ile nyeupe ni mawimbi yanayokufa. Mwaka 2014 watafiti walikusanya vipimo kutoka miamba ya nchi nyingi duniani, wakakuta kwamba mwamba unapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Katika kila mia, zinakufikia tatu. Hizo tisini na saba zilizovunjika pale nje hakuna serikali inayoweza kukujengea ukuta wa kuzivunja.

Hapa ndipo bibi mmoja aliponikatiza. Alikuwa ametoka pwani, kanga imelowa mpaka magotini, mfuko wa mwani ameuweka mlangoni. Akasema, "Mwalimu, mwamba ni mmoja na bahari ni moja. Mbona pale kwetu panalika na kwa mwanangu hapaliki, na si mbali?"

Nikamwambia, bibi, Mungu akupe umri, hilo ndilo swali nililolitaka. Nikamuuliza, mbele ya kwenu mwamba ukoje? Akasema, "Mbele yetu kuna mlango, ngalawa zinatokea pale." Mmesikia? Mlango unaotolea ngalawa ndio unaoingizia mawimbi. Pale mwamba umekatika, wimbi linapita na nguvu zake, na pwani iliyo mkabala inalipa. Tena maji yote yaliyorushwa juu ya mwamba yanatafuta pa kutokea, yanatokea mlangoni, na yanatoka na mchanga. Na lipo jengine: wimbi likikaribia maji mafupi linapinda. Likifika kwenye rasi, linaikumbatia rasi kutoka pande zote, nguvu zinakusanyika pale. Likiingia kwenye ghuba, linatawanyika, linalegea. Rasi inapigwa, ghuba inapumzika. Bahari ni moja, bibi, lakini haigawi sawa.

Akasema, "Basi mwanangu ana bahati." Akaketi. Alikaa mpaka mwisho.

Sasa nifike ninapopapenda. Mwamba unalinda, lakini pia unalisha. Choteni mchanga huu kiganjani. Kila mtu achote. Tazameni karibu. Mnaona udongo? Hakuna. Mnaona mawe meusi ya mtoni? Hakuna, kwa sababu upande huu hatuna mto. Mvua yetu inazama matumbaweni. Kule bara mchanga unaletwa na Rufiji, na Ruvu, na Wami. Wetu unaletwa na nani?

Hivi vipande bapa vyeupe, kama sarafu za bandia za watoto, ni vya ule mmea wa kijani wa baharini ulioungana vipande vipande kama shanga. Umejaa ghuba ya Chwaka. Mwili wake una chokaa. Ukifa, kijani kinaondoka na chokaa inabaki. Hivi vyembamba ni miiba iliyovunjika. Hivi vyekundu ni magamba. Na huu unga laini, mzuri, ambao wageni wanapanda ndege kuja kuulalia, sehemu yake nzuri ni... niseme? Ni choo cha pono.

Naam, pono. Mmemla sana. Mtazameni mdomo wake, si mdomo wa samaki, ni mdomo wa kasuku. Anauma tumbawe na jiwe kutafuta chakula chake kilichomo, anasaga kooni kwa meno mengine yaliyoko ndani, chakula kinabaki, na chokaa inatoka nyuma imeshakuwa mchanga. Wavuvi wa kuzamia wanalijua lile wingu jeupe analoliacha akipita. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mwanzo nilisema bahari ina wafanyakazi wake tusiowasalimia. Ndiye huyu. Pwani yetu ni kama duka: kuna kinachoingia na kuna kinachotoka. Kusi linatoa, kaskazi linarudisha, mlango unavujisha, kimbunga kinaiba, na pono na wenzake kila siku wanaleta kidogo. Kinachoingia kikipungua, hata kama mawimbi ni yale yale ya babu zetu, duka litafilisika.

Na hapo ndipo ilipo tabianchi, niliahidi nitaifikia. Mwaka 1998 na mwaka 2016 maji ya bahari yalipata joto kupita kawaida na matumbawe yakawa meupe. Misali kule kwetu mwaka 1998 yalikufa mengi mno. Tumbawe lililokufa linatobolewa, linakwanguliwa, linameguka, na mwamba ukishuka kimo, wimbi linapita juu. Bahari nayo inapanda, dunia nzima kwa wastani ni kama milimita tatu mpaka nne kwa mwaka, unene wa sarafu mbili. Kidogo? Pangeni sarafu mbili kila mwaka kwa miaka thelathini. Kwenye pwani iliyolala bapa kama hii, maji yakipanda kiganja, ukingo unarudi nyuma hatua kadhaa. Kwa hivyo mwenye kusema tabianchi hakukosea. Alikosea kuanzia hapo na kuishia hapo.

Majani ya baharini na mikoko nitayapita mbio. Majani yanapunguza mwendo wa maji na mizizi yake inashika mchanga. Hata yale makavu yanayotupwa pwani, ambayo baadhi ya mahoteli yanayafagia kila asubuhi kama taka, yanakamata mchanga yakaanza kutengeneza kituta. Mikoko ya Chwaka nayo, tazameni mizizi yake tope linavyotuama ndani. Yote hayo ni ulinzi usiolipwa mshahara.

Ila nisimalize bila ya Maziwe. Wazee wanaosafiri wanaijua. Ni kisiwa kidogo cha mchanga, karibu na Pangani, ng'ambo ya mkondo wetu. Kilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wanakwenda kutaga pale kuliko mahali pengine popote Tanzania. Mwaka 1975 kikatangazwa hifadhi. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti haipo, na kisiwa, maji yakijaa, hakipo. Leo ni fungu, linatokea maji yakikupwa na kuzama yakijaa. Wapo wanaosema ni kwa sababu miti ilikatwa, mizizi ikaacha kushika mchanga. Wapo wanaosema bahari ingekichukua hata hivyo, kwa sababu kisiwa cha mchanga ni mgeni popote kilipo. Mimi nadhani wote wana haki yao: bahari ilikuwa inavuta tangu zamani, na kamba iliyokuwa inazuia ikakatwa. Kasa waliokuja kutaga baada ya hapo, mayai yao yakaingia maji, mpaka watu wakawa wanayahamishia nchi kavu.

Sasa, nimekuja na vigingi. Kumi na viwili, vya mkandaa mkavu, viko pale kwenye baskeli ya mwalimu mkuu. Sikuvileta kwa ajili ya miaka saba, tafadhalini. Nataka skuli hii ipime mstari mmoja mbele ya mlango wa mwamba, kwao bibi, na mstari mmoja kwa mwanawe. Mpime kwa bamvua, kusi na kaskazi, mwaka huu na mwaka ujao na unaofuata, na muandike kwenye daftari moja lisilopotea. Baada ya hapo mtu akikuulizeni nani kala mchanga, mtakuwa na cha kumjibu.

Cha kwanza tutakipiga leo, pale kwenye mnazi ulioinama. Lakini tungoje kidogo, maji yameanza kurudi na kina mama bado wanapandisha mwani, tusiwakate njia. Tarehe ya kuja kupima tena nimeshaiandika ubaoni: Februari, kaskazi, na mara hii mwezi nimeutazama.